Nimeingizwa Mjini, Tena Mji Mkongwe

Mswahili hasalimiwi "Jambo." Tangu nizaliwe pale Temeke hadi ndevu zimeanza kuingia chumvi, nimesalimiwa hujambo, mambo, vipi, niaje, za masiku, asalaam aleikum, na nina shemeji mmoja ambaye salamu yake ni kuniomba vocha. "Jambo" kavukavu sijawahi kukutana nayo. Hilo ni neno la kuuzia fulana zenye twiga. Sasa juzi nipo Unguja, mtaa wa Shangani, kijana mmoja ananijia ametanua mikono kama anazuia kuku: "Jambo! Jambo rafiki! Hakuna matata!"

Nikageuka nyuma kutazama mzungu yuko wapi. Hakuna. Uchochoro mzima tulikuwa mimi, paka wawili na ukuta.

Haya, nakubali, mavazi yalichangia. Nilivaa bukta ya mifuko sita, kofia pana ya ukili, miwani myeusi, na mgongoni begi lenye chupa ya maji inayoning'inia. Mke wangu alinitazama tangu Dar es Salaam, bandarini, akauliza, "Baba Neema, tunakwenda kwa shangazi Michenzani au tunapanda Kilimanjaro?" Sikumjibu. Nilikuwa na hotuba muhimu zaidi. Kwenye boti nikampa somo zima la kutoibiwa ugenini: usikubali mtu akubebee mzigo, usimfuate anayekuita rafiki kabla hajajua jina lako, na mimi nimeuza mitumba soko la Karume miaka minane, mtoto wa Dar haingizwi mjini. Hayo niliyasema kati ya mfuko wa kwanza wa kutapikia na wa pili.

Shangazi naye alinipa lake pale kwenye majumba ya Michenzani, huku akinimiminia chai. "Mkwe wangu, mji wetu mdogo lakini una midomo. Kula Darajani. Bei uliza kabla hujatia kitu kinywani. Na ukipotea usimuulize mtu aliyekaa kitako anakusubiri upotee, muulize mama anayekwenda zake na kikapu." Nikacheka kidogo moyoni. Nikaaga kwamba nakwenda kunyoosha miguu saa moja tu. Wao wakaenda sokoni.

Sasa turudi kwa kijana wa Jambo. Jibu sahihi nilikuwa nalo: "Poa mwanangu, mimi wa hapahapa." Maneno matano, siku yangu ingebaki salama. Lakini nyie, maisha yangu yote sijawahi kudhaniwa mtu mwenye hela. Hata benki wakiniona huuliza kama nimekuja kusafisha viyoyozi. Ule utamu ukanipanda kichwani, na ulimi ukatoka wenyewe: "Helou."

"Wea yu fromu, mai frendi?"

"Chicago."

Kwa nini Chicago, msiniulize. Jina nikajipa Mista Wilson. Naye akajitambulisha kuwa ni Kapteni. Kapteni wa chombo gani, hakusema, na mimi Kiingereza cha kuulizia sikuwa nacho.

Wenyewe Unguja vijana hawa wanawaita papasi. Mnamjua papasi? Yule mdudu wa kwenye nyumba za udongo, anayejificha ukutani mchana na kutoka kunyonya damu usiku. Tofauti ni kwamba huyu wangu alifanya kazi mchana kweupe, na damu nilimpa mwenyewe, nikamshukuru kwa Kiingereza.

Hatujafika mbali tukakutana na mwenzake amekaa barazani. Wakaanza kuzungumza Kiswahili mbele yangu kana kwamba mimi ni nguzo ya umeme. "Yakhe, umempata wapi huyu?" "Mmarekani huyu." "Mmarekani gani kiatu soli inacheka!" Nikatazama kiatu. Kweli ilikuwa inacheka, gundi ya fundi wa Tandika haipendi maji ya chumvi. Wakacheka na wao. Nikacheka na mimi, tena kwa sauti ya Kimarekani.

Hapo ndipo mateso yalipoanza, maana kuibiwa hela si kitu ukilinganisha na kudanganywa jambo unalolijua halafu huna lugha ya kubisha. Tukasimama kwenye mlango mmoja mkubwa wa kuchonga, wenye misumari ya shaba iliyochongoka. Kapteni akaeleza kuwa misumari ile iliwekwa kuzuia tembo wasivunje mlango. Tembo! Unguja! Tembo amefikaje, amepanda boti ya saa moja na nusu? Mtindo huo ulitoka Bara Hindi, huko ndiko walikokuwa na tembo wa vita. Huku wenye nyumba waliweka shaba ili jirani aumie roho. Shangazi alikuwa amenieleza jana yake usiku: mlango wenye upinde juu ni wa mtindo wa Kihindi, ulionyooka juu ni wa Kiarabu. Nilikuwa na somo zima kifuani. Nikasema, "Elefanti? Waw."

Tukafika Beit al-Ajaib, lile jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883. Liko kwenye matengenezo, kona moja iliporomoka. Kapteni akasema iliporomoshwa na mizinga ya Waingereza. Ndugu zangu, jumba lile limeporomoka tarehe 25 Desemba 2020, sisi wote tunakumbuka, picha zilizunguka kwenye simu. Vita vya Waingereza ni vya Agosti 1896, vilikwisha baada ya dakika kama 38 hivi. Mke wangu akichagua kanga hajafika hata kwenye kusoma jina. Lakini Mista Wilson atayajuaje hayo? Nikatikisa kichwa kwa huzuni ya kihistoria.

Kisha akanionyesha nyumba aliyozaliwa Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen. Sawa, mtu yule kweli ni wa Unguja, alizaliwa mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Tukakata kona, akanionyesha nyumba nyingine aliyozaliwa Freddie Mercury. Karibu na duka la vinyago, ya tatu. Nina watoto wanne na nimekuwepo mara zote nne, najua mtoto huzaliwa mara moja na sehemu moja, na mama yake humkumbusha maisha yote.

Sehemu niliyoumia kabisa ni kwenye dirisha la tiketi. Ubao umeandikwa vizuri, herufi kubwa: wageni bei hii kwa dola, Watanzania bei hii kwa shilingi. Tofauti yake ni kilo nne za nyama. Kitambulisho cha taifa kipo mfukoni, kinanichoma paja. Nimekipanga foleni kile, nimepigwa picha nimefumba macho, nimekisubiri zaidi ya mwaka, na leo ndiyo siku yake ya kunifaa. Kapteni amesimama pembeni ananitabasamia. Nikatoa hela. Dola sina hata moja, nikamwambia nimebadilisha zote uwanja wa ndege. Akasema nou problemu, akazidisha kila dola mara elfu tatu, ati iwe namba nzima, rahisi kwangu.

Mahali pamoja tu tulinyamaza wote wawili, Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa hadi mwaka 1873. Pale kuna sanamu za watu ndani ya shimo, mnyororo shingoni. Kapteni hakusema uongo wowote. Hakusema kitu. Tulipotoka nje alininunulia maji kwa hela yake, jambo ambalo hadi leo linanisumbua kwenye hesabu.

Mchana akanipeleka kula kwenye ghorofa yenye upepo wa bahari. Menyu haikuwa na bei, nikadhani ni ukarimu wa pwani. Kumbe upepo nao unalipiwa. Nililetewa samaki wa kupaka mdogo kiasi kwamba nilimwonea huruma, na bili iliyoandikwa kwa mkono mzuri sana.

Halafu shamba la viungo. Niwaulize, mnakujua kwetu Temeke? Nje pale bombani, maji ya kuoshea vyombo yanapomwagika, kuna kichaka cha mchaichai nilichokiachia tangu mtoto wa kwanza. Bure. Hata mbuzi wa jirani anakula. Mimi nimelipa gari, nimelipa kiingilio, nimesimama juani na Wajerumani wawili, nikapewa jani ninuse. Nikanusa. Nikafumba macho. Nikasema "Amezing." Mchaichai! Mjerumani mmoja, mama mtu mzima mpole, akaniuliza Chicago msimu wa baridi hali ikoje. Nikamwambia veri kold. Akauliza jambo refu zaidi, nikamwambia veri, veri kold. Kijana wa shamba akanivisha tai na kofia vya makuti, na baada ya kunivisha akabaki amesimama mbele yangu bila kuondoka, mkono tumboni, hadi nilipoelewa.

Kisiwa cha Changuu nilikikataa. Hilo niandikiwe kwenye thawabu zangu. Kapteni alisema ni gereza la kutisha, maelfu walifia mle. Uongo tena, jengo lilijengwa mwaka 1893 liwe gereza lakini likaishia kuwa karantini ya wagonjwa, na wakazi wake wa maana ni kobe waliotoka Shelisheli mwaka 1919. Lakini sikukataa kwa sababu ya ukweli. Nilikataa kwa sababu niliiona boti, na tumbo likakumbuka.

Jioni narudi nimebeba mzigo. Pakiti ya zafarani, kubwa kama ya majani ya chai, kwa bei ambayo Kapteni alisema ni ya urafiki. Na picha ya Tingatinga, chui ana macho ya mshangao kama yangu. Nimeinunua mara tatu ya bei. Tingatinga, Edward Saidi Tingatinga, mzee wa watu aliyeanzia kuchora Oysterbay, Dar es Salaam! Picha zenyewe zinauzwa pale barabarani, mwendo wa daladala mbili kutoka kwangu. Nimevuka bahari natapika ili nikanunue kitu cha Oysterbay nivuke nacho tena natapika.

Giza likaingia, tukaenda Forodhani. Taa zimewashwa, moshi, vijana wa kofia nyeupe wanapiga chapa ile pizza yao ya mayai, miwa inalia kwenye mashine, ndimu na tangawizi ndani yake. Kapteni akanisimamisha kwenye meza moja ya mishikaki ya samaki. Kamba, ngisi, pweza, papa, vimepangwa kama vito. Nikaona mshikaki mmoja wa pweza umekauka hadi unang'aa, umepashwa moto jana, na juzi, na pengine tangu enzi za Barghash mwenyewe. Muuzaji akaujaza kwenye sahani yangu na mingine sita kabla sijafungua mdomo. "Hau machi?" nikauliza. Akamtazama Kapteni. Kapteni akatazama baharini.

Hapo nikasikia nyuma yangu sauti ninayoijua kwa miaka kumi na saba.

"Baba Neema! Una nini hapo shingoni?"

Nilikuwa bado nimevaa tai ya makuti.

Nikageuka taratibu. Mke wangu na shangazi, kila mmoja na bakuli la urojo, bajia zinaelea, chatine, chipsi za muhogo juu, wamelipa elfu mbili mbili. Nilitaka kusema kitu. Kilichotoka ni "Helou." Mke wangu akamtazama shangazi. Shangazi hakuwa akinitazama mimi.

"Wewe," akamwambia Kapteni, "si mtoto wa ghorofa ya tatu wewe? Mama'ako kanituma mkate, yuwapi?"

"Shikamoo shangazi," akasema Kapteni, kwa adabu zote, sauti imekuwa ndogo.

"Marahaba. Na huyu mkwe wangu umemfanya nini?"

Kijana akanigeukia, na kwa mara ya kwanza siku nzima akaniambia Kiswahili. "Shem, kumbe wa kwetu? Nilijua si Mmarekani tangu asubuhi, lakini sikujua kama wa kwetu."

"Ulijuaje?"

"Mwenzangu aliposema soli inacheka, ukatazama soli."

Shangazi alicheka hadi akatafuta ukuta wa kushikilia. Mke wangu hakucheka. Alifungua pakiti ya zafarani, akaingiza pua, akaifunga. "Binzari," akasema. Akaikunjua picha, akamtazama chui, akanitazama mimi, akaikunja.

Nikaona hapa nikaze sauti, nimeshapoteza heshima, walau niokoe hela. Nikamwambia kijana, kwa Kiswahili cha Temeke kilichonyooka, kwamba kama alijua, basi anirudishie tofauti ya tiketi, na ya samaki, na ya binzari.

"Shem wangu," akasema, mkono kifuani, "hela ile alinipa Mista Wilson wa Chicago. Akija mwenyewe kuidai, wallahi namrudishia yote."

Mke wangu hapo ndipo alipocheka. Akaninunulia urojo, akanikatalia kuongezewa pilipili, na aliporudi Dar hakufika hata ndani ya nyumba kabla hajasimulia mtaa mzima. Nanyi vijana wa bodaboda mnaokaa pale kijiweni, mnaoniona napita mnasema "Jambo rafiki" halafu mnajifanya mnafuta vioo, nawajua mmoja mmoja.