Upasuaji wa fistula ni bure. Nauli je?

Kila tarehe 23 Mei, Siku ya Kimataifa ya Kutokomeza Fistula ya Uzazi, yaani tundu linalomfanya mama avuje mkojo au haja kubwa baada ya uchungu wa muda mrefu, tunasikia tangazo lilelile: matibabu ni bure, akina mama wajitokeze. Ni kweli ni bure. Lakini tangazo hilo linamtwisha mgonjwa mzigo ambao si wake, kana kwamba anakaa nyumbani kwa ukaidi.

Mwaka 2009 hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, ilianza kutuma nauli za wagonjwa wa fistula kwa M-Pesa. Balozi wa kujitolea akimpata mgonjwa kijijini, anatumiwa pesa, anakata tiketi, mama anapanda basi. Upasuaji ulikuwa bure hata kabla ya hapo, na bado wengi walikuwa hawafiki. Jambo hili lingetosha kutunyamazisha sisi tunaosema "hawana elimu".

Na hiyo safari yenyewe! Mkojo unatoka wenyewe, usiku na mchana. Kutoka Kigoma hadi Dar kwa basi, mama amekalia kanga zilizokunjwa, mapaja yamechubuka, abiria wanaziba pua. Wengi hujizuia kunywa maji ili mkojo upungue, kumbe unazidi kuwa mkali na kuwachoma zaidi. Siwezi kumlaumu anayeamua kubaki nyumbani.

Chanzo hakina uchawi wowote. Uchungu ukipitiliza siku moja, mbili, na mtoto hapiti, kichwa chake hubana nyama laini kwenye mifupa ya nyonga. Damu haifiki, nyama inakufa, na baada ya siku kadhaa tundu linafunguka kati ya uke na kibofu, au njia ya haja kubwa. Mara nyingi mtoto naye huwa amefariki. Mama anarudi mikono mitupu, analowa, halafu mtaani wanasema karogwa, au alitembea nje ya ndoa. Mume anaoa mwingine. Hapo nakosa uvumilivu kabisa, kwa sababu mara nyingi ni nyumba hiyohiyo iliyomchelewesha: asubiriwe mume arudi, asubiriwe mama mkwe aseme neno, itafutwe pesa ya bodaboda.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya wanawake milioni 2 wanaishi na fistula barani Asia na Afrika kusini mwa Sahara, na kati ya 50,000 na 100,000 huipata kila mwaka. Ulaya karibu imekwisha, kwa kuwa mama aliyekwama hufanyiwa upasuaji wa kumtoa mtoto kwa wakati.

Kwa hiyo nataka serikali ihesabu nauli kuwa sehemu ya matibabu, ya kwenda na kurudi, pamoja na ya mtu wa kumsindikiza. Tusiwaachie wafadhili.

Na kuna jambo la bei ndogo zaidi. Fistula changa, tundu likiwa dogo, inaweza kuziba yenyewe mama akiwekewa mpira wa mkojo kwa wiki kadhaa. Mpira huo unaweza kuwekwa hata kwenye kituo cha afya. Kinachotakiwa ni muuguzi kumuuliza kila mama aliyepata uchungu wa muda mrefu, kabla hajaruhusiwa na tena anaporudi kliniki: mkojo unatoka wenyewe? Akijibu ndiyo, awekewe mpira siku hiyohiyo.