Lewis Ferguson: jina la ukoo lilimbeba mpaka wapi?

Wapo wanaodai kiungo wa Scotland, Lewis Ferguson, alibebwa na jina la ukoo. Ukizaliwa kama yeye Hamilton, jirani na Glasgow, baba yako akiwa Derek Ferguson na baba yako mdogo akiwa Barry Ferguson, mpira utaukwepea wapi? Wote wawili walicheza Rangers na timu ya taifa ya Scotland. Barry ndiye nahodha aliyeipa Rangers mataji yote matatu ya nyumbani msimu wa 2002/03.

Kwa hiyo hoja kwamba Lewis alibebwa ina mashiko. Simaanishi kupigiwa simu kwa makocha. Namaanisha kukua mezani na watu wanaojua lini kiungo aachie pasi na lini aikatae, klabu ipi inakuza kijana na ipi itamwacha aozee benchi. Elimu hiyo haiuzwi dukani, na wenzake wengi wa mtaani hawakuipata.

Lakini tazama alikopita. Aliondoka akademi ya Rangers, akaanza soka la wakubwa Hamilton Academical, klabu ndogo, kisha Aberdeen mwaka 2018. Kiangazi hicho, akiwa na miaka 18, alikwenda Burnley kwenye mechi ya mchujo wa Europa League. Mpira ukapigwa ndani ya boksi, naye akiwa ameligeuzia goli mgongo akajirusha na kuupiga tiktaka hadi wavuni. Aberdeen walitolewa 3-1 baada ya muda wa nyongeza, ila goli lile halikuuliza ni mtoto wa nani.

Mzani kwangu unaelemea zaidi Italia. Alijiunga na Bologna mwaka 2022, kwenye ligi ambayo jina la Derek halimtishi mtu. Chini ya kocha Thiago Motta akavaa kitambaa cha unahodha, na msimu wa 2023/24 Bologna wakafuzu Ligi ya Mabingwa. Aprili 2024 kano ya goti ikakatika kwenye mechi dhidi ya Monza. Euro ya Ujerumani akaikosa. Mei 14, 2025, pale uwanja wa Olimpico jijini Roma, akanyanyua Kombe la Italia baada ya kuifunga Milan 1-0. Bologna hawakuwa wamelibeba kombe hilo tangu 1974.

Upande wa pili haujaisha, maana nahodha huyohuyo alisota benchi Scotland kwa muda mrefu, nyuma ya viungo wenzake McTominay, McGinn na Gilmour. Wakosoaji wake wanaweza kulitumia hilo. Mimi nalisoma kinyume: kama ubini ungekuwa na nguvu mahali popote, ni hapo, nyumbani, kwenye timu ambayo Barry aliichezea mechi 45. Na Barry alipotoka Rangers alikwenda England, Blackburn na baadaye Birmingham, barabara iliyozoeleka na Waskoti. Lewis hakuifuata.