Tangazo la picha tupu

Mi nipo kwenye chama kimoja cha wasomi wa usomaji wa picha, yaani watu ambao ukiwaonyesha bango la sabuni wanakaa saa nzima wanajadili kwa nini mtoto anaangalia kushoto. Kazi yangu ni ndogo tu, nakusanya habari na matukio yajayo nawatumia wanachama: webina lini, ikisiri za kongamano (yaani muhtasari wa mada watu wanazotaka kuwasilisha) zinafungwa lini, uchaguzi wa viongozi, shindano la picha, basi.

Sasa kuna mwezi kamati ikakaa ikaona aibu. Jamani, tangu 1969 John Debes alipoipa fani hii jina la usomaji wa picha tunahubiri kwamba picha inasomwa kama maandishi yanavyosomwa, mbona matangazo yetu wenyewe ni maneno mwanzo mwisho? Mwenyekiti akatoa mfano wa Otto Neurath, yule wa Vienna aliyeanzisha jumba la makumbusho 1925 akajaza takwimu za vijipicha, kijitu kimoja kinasimamia watu maelfu na hata asiyesoma anaelewa. Neurath aliweza, sisi tunashindwaje? Nikauliza, Prof, na tarehe je? Akaniambia kijana wangu, kalenda nayo ni picha.

Haya. Michoro ikaja kutoka kwa kamati, kazi yangu ikawa kubonyeza tu kitufe cha kutuma.

Ile chupa ya mchanga ya kupimia muda iliwekwa kumaanisha ikisiri zinakaribia kufungwa. Nusu ya watu walidhani ukurasa bado unafunguka, wakakaa wanasubiri, na nasikia kuna mmoja alizima kompyuta akawasha tena. Mkono ulionyooshwa, yaani njooni mpige kura, ukasomwa simama hapo hapo usiendelee, na kweli hakuna aliyeendelea, hata mgombea mmoja hakujitokeza. Shindano la picha lilikuwa na duara la kijani kwa kundi lililo wazi na jekundu kwa lililofungwa, na kwenye fani yetu wanaume wasiotofautisha kijani na nyekundu hawakosekani, hao walituma kote kote wakamaliza.

Ila aliyeniua ni ndugu mmoja wa malipo. Mchoro wa kujisajili ulikuwa hatua tatu: mtu anatoa hela, mtu anapewa beji, mtu anacheka. Yeye amezoea kusoma kutoka kulia kwenda kushoto, kama Kiarabu kinavyosomwa, kwa hiyo aliona mtu anacheka, anarudisha beji, analipwa. Akaniandikia kwa adabu kabisa, mheshimiwa, beji ya mwaka jana ninayo bado, niitume wapi na hela zangu zinaingia lini?

Halafu ikaja webina yenyewe. Kalenda ilichorwa vyumba saba saba bila herufi wala namba, mstari wa pili, chumba cha tano kimepakwa rangi. Kamati yetu wiki yao inaanza Jumatatu, chumba cha tano ni Ijumaa, safi. Lakini kuna watu kalenda zao zinaanza Jumapili, Marekani kwa mfano, na kwao chumba cha tano ni Alhamisi! Mi Alhamisi niliingia tu kujaribu linki na maiki, nimevaa fulana imechoka ile mbaya, nashtukia watu wanaingia, kumi, ishirini, thelathini, kamera zimewashwa, madaftari mkononi, wananitazama. Mmoja akasema tunashukuru mzungumzaji, tuko tayari.

Nikajaribu kueleza kwamba siku sio leo. Weee! Mmoja akaweka lile tangazo kwenye skrini akaanza kulichambua, mwingine akadakia kwamba hata Neurath mwenyewe chati zake zilikuwa na vichwa vya habari na maelezo, nani aliwaambia alifuta maneno? Mwingine akasema tatizo ni mshale, mwingine tatizo ni nafasi kati ya vyumba, yule ndugu wa malipo naye alikuwepo, akauliza tena kuhusu hela zake, na hapo ndio mjadala ukashika moto kweli kwa sababu wakagundua ana hoja, ukianzia kulia ile michoro inasomeka vizuri kuliko ukianzia kushoto. Masaa mawili! Hakuna aliyeondoka, mi ndio nilitaka kwenda kula.

Ijumaa mzungumzaji halisi akaja, suti, slaidi zimepangwa, mada yake ni picha inayojieleza bila msaada wa maneno. Waliohudhuria ni Mwenyekiti, mimi, na mtu mmoja aliyezima kamera ambaye mpaka leo siamini kama alikuwepo. Prof alipoona hivyo hata hakutikisika. Kwenye habari za mwezi uliofuata akaniagiza niandike tumefanya webina mbili, ya kwanza imevunja rekodi ya mahudhurio.

Na mzungumzaji wa Alhamisi lazima apewe cheti, ndio utaratibu, kwa hiyo kimepewa jina la ndugu wa malipo. Alikipokea vizuri tu, akajibu siku hiyo hiyo: asante sana, je, na hiki nacho nikikirudisha nalipwa?