Nadesico inachekesha, ndio maana inauma

Kila nikiitaja Martian Successor Nadesico kwa wapenzi wa anime, yaani katuni za Kijapani, hapatoki mtu asiyesema "aah ile ya vichekesho na maroboti". Wengi wameangalia epi (episodi) mbili tatu, wakamuona kapteni Yurika anavyomganda yule mpishi kutwa nzima, wakaiacha. Wengine wameimaliza lakini wanalalamika eti haijielewi, mara utani mara msiba. Mi sikubaliani nao kabisa. Na humu namwaga mchele wote mpaka mwisho, kwa hiyo kama hujaiangalia na unataka kuiona mwenyewe, kaiangalie kwanza.

Ilianza kuonyeshwa Japani mwaka 1996, epi 26, imeongozwa na Tatsuo Sato. Hadithi iko mwaka 2196, Dunia inapigwa na adui anayetokea Jupita, jeshi limezidiwa, basi kampuni moja inaitwa Nergal inaunda meli yake ya vita ya angani, Nadesico, na kuajiri watu wake yenyewe, kigezo ni kimoja tu, kazi uijue, tabia zako shauri yako. Anayeshika usukani alikuwa sekretari, wa mawasiliano alikuwa anaigiza sauti za katuni, na kompyuta ya meli nzima iko mikononi mwa Ruri, mtoto wa miaka 11 ambaye kazi yake nyingine ni kuwaambia wakubwa kwamba wote ni wajinga. Akito, yule mpishi, yeye anataka kupika tu, roboti anaendesha kwa kulazimika.

Sasa angalia ilivyoanza. Akito yuko Mirihi, watu wamejificha chini ya ardhi, anampa mtoto mdogo wa kike chenza, mtoto anafurahi, kufumba na kufumbua ukuta unavunjwa na mashine za adui na watu wanakufa. Halafu hadithi inaendelea, vichekesho vinaanza, baadae anaingia mwanasayansi Inez ambaye utani wake ni mmoja, ukiuliza kitu chochote anatokea na maelezo marefu kama mwalimu, unamcheka weee, mpaka siku unakuja kuambiwa kwamba ndiye yule mtoto wa chenza, alirushwa nyuma kwenye wakati akakulia mbali bila kumbukumbu. Mtu uliyekuwa unamcheka na yule mtoto uliyemlilia ni mtu mmoja! Hapo nani ataniambia utani uliwekwa kupoteza muda?

Au Gai. Jamaa kajipa jina mwenyewe, kwenye karatasi za ajira anaitwa Jiro Yamada, anaishi kwa ajili ya katuni ya zamani ya Gekiganger 3, mashujaa wa kupiga kelele kila wakirusha ngumi, na sehemu anayoipenda kuliko zote ni pale shujaa mmoja anapokufa kifo cha heshima. Unajua kabisa huyu ndo atakuwa rafiki mkubwa mpaka mwisho. Epi ya tatu tu anapigwa risasi na ofisa anayetoroka meli, hata vitani hayupo, hakuna muziki wala maneno ya mwisho, kafa tu. Nadesico ingekuwa nzito toka mwanzo ningekuwa nimeshajiandaa. Ilinikuta nacheka, ndio maana mpaka leo kile kifo nakikumbuka na vingi vya anime za huzuni nimeshasahau.

Lakini penyewe hasa ni katikati, adui anapojulikana. Sio mijusi kama walivyoambiwa, ni binadamu, wajukuu wa watu waliofukuzwa kutoka Mwezini na serikali ya Dunia ikaificha hiyo habari. Na huko Jupita walikoishia burudani yao kubwa ni hiyo hiyo Gekiganger 3, wanaiheshimu kama kitabu cha dini. Epi ya 14 wale mashujaa wa Gekiganger ndio wanakaa kuiangalia Nadesico, watu wengi wanairuka wanaona ni marudio, msiiruke jamani.

Adui kuwa binadamu maana yake pande mbili zinauana na zote zinalia kwenye katuni moja. Akito anaamini hicho kitu kitawapatanisha, na mi pia niliamini, nikasema si wanapenda vitu vile vile, watakaa watayamaliza. Tsukumo, kijana wa Jupita aliyempenda mwanamke wa Nadesico na kusimamia amani, anauawa kwenye mazungumzo na rafiki yake mwenyewe kwa amri ya wakubwa, kisha lawama wanatupiwa watu wa Dunia. Muuaji naye kakulia kwenye Gekiganger. Anime inakwambia wazi, bila kuhubiri, kwamba kupenda hadithi ya haki hakumzuii mtu kuua, inaweza hata kumpa sababu. Hiyo hoja usingeweza kuijenga bila zile epi zote za kuchekelea hiyo katuni.

Lawama yangu iko kwenye filamu ya 1998, Prince of Darkness. Akito amefanyiwa majaribio mwilini, hana ladha tena mdomoni, mpishi! Anakutana na Ruri makaburini anamwachia mapishi yake ya rameni, supu ya tambi ya Kijapani. Sehemu hiyo ni nzuri mno sitaki kuiharibu kwa maneno mengi. Ila kilichotokea katikati, miaka mitatu mizima, wamekiweka kwenye gemu la Sega Saturn, mashine ya kuchezea gemu ya enzi hizo, sasa mtu asiyelicheza anaona tu Akito kavaa nyeusi kabadilika, na dakika 80 hazitoshi kubeba hayo yote. Hapo walitakiwa kutoa msimu wa pili wenye utani wake na mpishi wake jikoni, tumuone akipoteza kimoja kimoja. Wao wakatukatia utani wote wa Akito kwa mkupuo, na kwangu ndio sababu filamu, pamoja na uzuri wake, haifikii zile epi 26.