Bandari si deni

Wazazi wengi wanaopanga safari ya meli ya kitalii huanza kwa kuhesabu bandari. Safari ya usiku saba yenye bandari sita inaonekana kuwa na faida kuliko ile yenye bandari tatu kwa bei ileile, na hapo uamuzi umekwisha. Kwa watu wazima wawili wasiobeba mtu, hesabu hiyo haina ubaya. Kwa familia yenye mtoto wa miaka miwili na mwingine wa minne, naiona imegeuzwa juu chini. Kila bandari ni kuamshwa mapema, foleni ya kushuka, jua, usingizi wa mchana uliokatizwa, kisha foleni ya kupanda. Ukizipanga sita mfululizo, ikifika siku ya nne mtoto hataki chakula, hataki kubebwa, hataki kuwekwa chini, na nyinyi wawili hamsemeshani vizuri.

Msimamo wangu ni huu: ukisafiri na watoto walio chini ya miaka sita, angalia kwanza siku ambazo meli inakaa baharini tu, kisha angalia umbali kutoka gatini hadi pale unapotaka kufika. Jina la mji liwe la mwisho.

Nianze na umbali, kwa sababu hapo ndipo ratiba zinapowapoteza watu. Ratiba inaandika Roma, lakini meli haifiki Roma. Inafunga gati Civitavecchia, kilomita zipatazo 70 hadi 80 kutoka mjini. Florence ni Livorno, kama kilomita 90. Paris ni Le Havre, karibu kilomita 200. Berlin ni Warnemünde, zaidi ya kilomita 200, na basi linaweza kuchukua karibu saa tatu kwenda na nyingine tatu kurudi. Hata Bangkok, kwa meli nyingi kubwa, ni Laem Chabang, zaidi ya kilomita 100 kutoka jijini.

Hebu chukua hiyo ya Roma uipigie hesabu kwa siku ya kawaida. Tuseme meli imefunga saa 1 asubuhi. Watoto wale, wavae, wapakwe mafuta ya jua, mmoja akumbuke choo mkiwa tayari mlangoni: kutoka gatini ni saa 3. Basi la kwenda stesheni, kusubiri, treni ya karibu saa nzima, mnakanyaga Roma yapata saa 5. Meli inaondoka saa 1 jioni na abiria wote wanatakiwa kuwa ndani nusu saa au saa nzima kabla. Mzazi mwangalifu atapanda treni ya kurudi saa 9 alasiri. Zimebaki saa nne. Moja inaliwa na chakula, nyingine na kutafuta vyoo na maji, na katikati yake, saa 7 mchana, mtoto ambaye kila siku hulala saa hiyo anaambiwa asimame juani mbele ya Colosseum. Hatalikumbuka jengo. Na nyinyi hamtalitazama, kwa sababu mtakuwa mnamtazama yeye.

Sasa linganisha na bandari ambazo mji unaanzia pale ngazi ya meli inapoishia. Valletta, Malta, meli inafunga chini ya kuta za mji mkongwe. Mwendo mfupi kando ya maji unakufikisha kwenye lifti inayopanda mita 58 hadi bustani ya Upper Barrakka, na mtoto anafurahia lifti kama anavyofurahia bustani. San Juan, Puerto Rico, meli mara nyingi hufunga ubavuni mwa mji wa kale, na kutoka hapo mnaweza kupanda taratibu hadi uwanja mpana wa nyasi mbele ya ngome ya El Morro, ambako familia hurusha tiara kwa sababu upepo wa bahari haukatiki. Juneau, Alaska, gati liko katikati ya mji. Bergen, Norway, nayo mnaweza kuizunguka kwa miguu. Katika bandari za namna hii mnaweza kushuka saa 3, mkarudi saa 6 kwa chakula na usingizi, na mkipenda mkashuka tena jioni. Kule Civitavecchia uhuru huo hamnao. Ukishapanda treni, siku yote umeiweka rehani.

Aina ya tatu inahitaji tahadhari zaidi, nayo ni bandari ambazo meli haifungi gati kabisa. Inatia nanga mbali kidogo na abiria wanashushwa kwa boti ndogo. Grand Cayman, kisiwa cha Karibiani, ni hivyo, na Santorini, kisiwa cha Ugiriki, pia. Kwenye boti hizo kigari cha mtoto lazima kikunjwe, kwa hiyo mkono mmoja unabeba kigari, mwingine unabeba mtoto, na wa kushika yule mkubwa haupo. Bahari ikichafuka nahodha anaweza kuifuta bandari asubuhi hiyohiyo, na ni haki yake.

Santorini nitaieleza kwa kirefu kidogo, maana ndiyo inayopamba picha za matangazo. Boti inakushusha kwenye bandari ya zamani, chini ya jabali refu. Mji wa Fira uko juu kabisa. Njia za kupanda ni tatu: ngazi karibu 600, punda wanaopita kwenye ngazi hizohizo, au kigari kinachopandishwa kwa waya. Kwa mwenye mtoto mdogo njia iliyobaki ni ya waya, na kila mwenye akili timamu anawaza hivyohivyo. Meli kadhaa zikiwa zimetia nanga siku moja, foleni ya kushuka alasiri inaweza kuzunguka kwenye vichochoro zaidi ya saa nzima. Nimemwona mama katika foleni hiyo akiwa amempakata mtoto aliyelala fofofo, jasho la shingo ya mtoto limelowanisha bega lake, na kila foleni iliposogea hatua mbili alikisukuma kigari kilichokunjwa kwa ncha ya kiatu. Mandhari ilikuwa nyuma yake muda wote. Kama Santorini ndiyo ndoto yako, nenda, lakini kalale hapo siku mbili tatu siku watoto watakapokuwa wamekua.

Kuna na jambo la saa, ambalo limewaacha watu wengi gatini wakiitazama meli yao ikienda. Meli huwa na saa yake, na si lazima ifanane na saa ya nchi kavu. Cozumel, Mexico, iko katika jimbo la Quintana Roo, ambalo tangu 2015 halibadilishi saa kwa majira ya joto. Meli iliyotoka Florida wakati huo, kama haikurudisha saa zake nyuma, itakuwa mbele kwa saa moja. Simu yako inanasa mtandao wa pale na kujirekebisha yenyewe, inakuonyesha saa 9 wakati kwenye meli ni saa 10. Mvalishe mtu mzima mmoja saa ya mkononi ya kawaida, muirekebishe kwa saa ya meli asubuhi kabla ya kushuka, na muifuate hiyo tu.

Na meli haisubiri. Inawasubiri au kuwapangia usafiri wale tu waliochelewa kwenye matembezi iliyowauzia yenyewe. Waliojitembeza wanajitegemea hadi bandari inayofuata. Kwa hiyo kanuni yangu ni rahisi: pakiwa karibu, jitembezeni wenyewe, maana mtapumzika na kurudi mtakavyo, pakiwa mbali na mmeng'ang'ania kwenda, nunueni matembezi ya meli. Ila ulizeni mapema kama basi lina viti vya watoto na mikanda inayofunga viti hivyo, na kama kuna mahali pa kusimama njiani. Matembezi ya basi la watu hamsini huenda kwa mwendo wa watu hamsini.

Visiwa vya kampuni zenyewe, kama CocoCay ya Royal Caribbean na Castaway Cay ya Disney kule Bahamas, wasafiri wazoefu huvidharau wakisema si mahali halisi. Kwa mtazamo wa mtoto wa miaka mitatu ni mahali halisi kabisa: mchanga upo, maji yapo, kivuli kipo, chakula kipo, na kitanda chake kiko dakika chache tu kutoka alipochimba shimo. Ningechagua siku moja ya hivyo kuliko bandari mbili zenye majina makubwa.

Lakini siku ya bandari ninayoipenda kuliko zote ni ile ya kutoshuka. Abiria kwa maelfu wameondoka. Ifikapo saa 4 asubuhi sitaha ya juu, ambayo jana ilikuwa haina pa kuweka taulo, imebaki na viti vitupu na mhudumu anayepanga meza bila haraka. Hakuna foleni ya aiskrimu. Mtoto anayeogopa vurugu za bwawa anaingia maji ya magotini, anatoka, anaingia tena, hakuna anayemrushia mpira. Wazazi wanaona hii ni kupoteza pesa. Mimi naona hapo ndipo wanapoitumia meli waliyoilipia.

Hilo la bwawa lina sharti ambalo ni bora lijulikane kabla ya kulipa. Kwenye meli zinazotia bandari za Marekani, chini ya kanuni za afya za huko, mtoto anayevaa nepi haruhusiwi kuingia kwenye mabwawa ya kawaida hata akivaa nepi ya kuogelea. Baadhi ya meli zina sehemu ndogo ya kuchezea maji iliyotengwa kwa watoto wachanga, nyingine hazina. Klabu za watoto nazo, kwa kawaida, huanza na umri wa miaka mitatu na mtoto awe ameacha nepi. Disney na Royal Caribbean zina vitalu vya kulelea watoto kuanzia miezi sita kwenye meli zao nyingi, kwa malipo ya ziada. Miezi sita ndiyo pia umri wa chini wa kupanda kwenye kampuni nyingi, na unapanda hadi miezi 12 kwa safari zenye siku nyingi mfululizo baharini, kama za kuvuka Atlantiki. Mwenye mtoto wa miaka miwili na nusu ambaye bado anavaa nepi, asiyekubalika bwawani wala klabuni, ana kila sababu ya kusubiri miezi michache.

Kuhusu chumba, kilicho katikati ya meli na sitaha za chini ndicho kinachoyumba kidogo. Watoto wa kati ya miaka 2 na 12 ndio wanaosumbuliwa zaidi na kichefuchefu cha bahari. Walio chini ya miaka 2 mara nyingi hawajui hata kama kuna mawimbi. Dawa za kichefuchefu muulizeni daktari kabla ya safari, na zile za kubandika nyuma ya sikio waachieni watu wazima. Chumba kikiwa na roshani, kiti wala meza visisogee karibu na ukingo, na mlango ufungwe kwa kitasa kila wakati. Hili silijadili na mtu. Kitanda cha mtoto kiombwe wakati wa kuweka nafasi. Siku ya kupanda, kabla ya kufungua mabegi, mwombeni mhudumu jaketi la kujiokolea lenye kipimo cha mtoto, mlijaribishe mwilini mwake.

Mikono ioshwe kwa sabuni na maji kila kabla ya kula. Virusi vya norovirus, vinavyoleta kuhara na kutapika melini, havidhibitiwi vizuri na jeli ya spiriti, kwa hiyo chupa ile mlangoni mwa ukumbi wa chakula haitoshi.

Wapo watakaouliza: sasa nimelipa kuiona Roma, niishie kuitazama Civitavecchia? Hapana. Gawaneni. Mzazi mmoja ashuke alfajiri, peke yake au na mtoto mkubwa, apande treni ya mapema na aione Roma kwa macho mawili yaliyotulia. Mwingine abaki na mdogo melini. Bandari inayofuata wabadilishane. Mshika mbili moja humponyoka, na kwa siku moja ya bandari hizo mbili ni mji mkubwa na mtoto mdogo. Anayeshuka abebe pasipoti yake, kadi ya meli, pesa kidogo za nchi ile, na dawa anazotumia kila siku, ili akichelewa aweze kujifikisha bandari inayofuata. Akiwa na mtoto, abebe na pasipoti ya mtoto na nepi au nguo za kubadilisha za siku mbili. Anayebaki aandikiwe kwenye karatasi saa ya treni ambayo mwenzake amekusudia kupanda, kwa sababu simu ya nchi kavu na simu ya melini hazipatani kila mara.