Mkono Wenye Kazi

Gitaa langu la kwanza la kutengenezewa lilinigharimu miezi 11, akiba yangu na heshima yangu. Miezi na akiba nilikuwa nimejiandaa navyo.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja, vumbi la mbao hadi kwenye kope za mwenyewe. Fundi alikuwa mzee wa maneno machache, utadhani kila neno analikatia risiti. Siku niliyofika nilimkuta kijana mmoja anajaribu gitaa lake lililokwisha, vidole vinakimbia shingoni kama buibui aliyechelewa msibani. Mzee akachukua gitaa kuukuu ukutani, akanipa.

"Piga kidogo nione mkono wako."

Sasa, mimi nimepiga gitaa miaka sita, lakini ni miaka sita ya chumbani, mlango umekomewa. Yule kijana alikuwa ameacha kupiga, ananitazama kwa adabu. Hakuna kinachotisha kama kutazamwa kwa adabu. Nikakunja ngumi.

"Samahani mzee, kidole kinaniuma."

"Kipi?"

Nikafikiri. "Vyote kidogo."

Hakusema kitu. Akalirudisha gitaa ukutani, akavuta daftari.

Ili kufidia ile aibu, nikaamua kuonyesha kwamba kama mikono ni mibovu, kichwa kimesoma. Aliponiuliza nataka mgongo na mbavu za mbao gani, nikamwambia kwamba kwa kweli mgongo si hoja, kwani Antonio de Torres, yule fundi Mhispania, mwaka 1862 alitengeneza gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu kuthibitisha kwamba sauti inatoka kwenye uso wa mbele.

Mzee akainua kalamu. "Nikutengenezee la karatasi?"

"Hapana, mzee."

"Basi sema mbao."

Nikasema rozwudi, haraka. Uso wa mbele akanichagulia yeye mwenyewe, sprusi, na akanipa kibao nikigonge nisikie. Mafundi wana namna yao: wanakishika kibao kwa vidole viwili karibu na sikio, wanakigonga kwa fundo la kidole, wanasikiliza kinavyoitikia. Mimi nikagonga mara tatu, ko ko ko.

"Karibu," alisema mzee, bila kutabasamu.

Nikalipa arbuni nikaondoka mbio. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiuliza swali la mwisho, naye ameinamia daftari lake: "Unapigia mkono gani?"

Naomba msomaji utulie hapa kidogo. Mtu akishika gitaa, mkono mmoja unakwaruza nyuzi, mwingine unabonyeza shingoni. Kwangu mimi, unaobonyeza ndio unaotoka jasho. Ndio wenye sugu kwenye ncha za vidole, ndio unaopinda kama mzizi wa mkoko kutafuta kodi ya F, yaani nyuzi kadhaa zinazobonyezwa zilie pamoja. Huu wa kulia unapanda na kushuka tu, kazi ambayo hata feni inaiweza.

"Wa kushoto," nikamjibu. "Ndio wenye kazi."

Akaandika.

Mzee si mzembe, hilo lazima niliseme. Wiki iliyofuata alinitumia ujumbe: nimpelekee picha nikiwa nimeshika gitaa, aone jinsi ninavyokaa. Nikaiegemeza simu kwenye ndoo, nikaweka kamera ya mbele ili nijione nilivyopendeza, nikakunja uso kisanii, nikapiga picha. Sikujua kwamba simu yangu ina tabia ya kuhifadhi picha za kamera hiyo kama kioo, kulia kunakuwa kushoto. Katika picha ile nilikuwa mashoto kamili, wa kuzaliwa. Nikaituma.

Miezi ikaanza kupita. Mara moja moja mzee alinitumia picha ya kazi ilipofika, bila neno. Ya kwanza mbavu zimeshakunjwa kwa bomba la moto. Ya pili ndiyo niliyoipenda: ukingo wa ndani umebanwa kwa vibanio vya kuanikia nguo, vingi mno, vimeng'ata mbao pande zote kama samaki wadogo kwenye mkate. Nikamwonyesha mke wangu kwa fahari.

"Hili ni gitaa au kamba ya kufulia?"

Nikamweleza kwamba hivyo ndivyo mafundi wakubwa wanavyofanya. Nilikuwa nimeanza kusema "sisi".

Picha ya tatu ilikuwa ya uso wa mbele kwa ndani, na mataruma yake: vijiti viwili vikubwa vimepishana kama herufi X, na vingine vidogo vimelala mshazari upande mmoja. Nikaiweka kwenye makundi yote ya ukoo. Nikaandika maelezo marefu kwamba nyuzi sita za chuma huvuta kwa nguvu ya kilo 70 na ushei, na ubao wenyewe haufiki unene wa milimita 3, kwa hiyo bila mataruma haya gitaa lingejikunja kama kaa la moto limemwagiwa maji. Mfano huo hauna maana, lakini wajomba wawili walinipongeza. Kwamba vile vijiti vya mshazari vilikuwa vimelala upande usio wangu, hilo sikuliona. Ningeliona wapi, na mimi ndiye niliyekuwa nikiyaeleza?

Likafika siku ya Jumamosi, ndani ya kasha. Dada yangu alikuwa amekuja na mwanawe wa miaka tisa, na nikaona vyema kulifungua mbele ya mashahidi. Nikafungua vibanio vya kasha kimoja kimoja, taratibu. Gitaa likang'aa. Nikalitoa, nikalikalisha pajani, mkono wa kushoto shingoni, nikashusha wa kulia kwenye nyuzi kwa kishindo.

Sauti iliyotoka sijui niilinganishe na nini. Mbwa wa jirani alinyamaza.

"Halijapatanishwa," nikasema. Nikazungusha funguo. Nikapiga tena. Mambo yakawa mabaya zaidi, kwa sababu sasa nilikuwa nimeupandisha uzi mnene ambao kwa mahesabu yangu ulipaswa kuwa ule mwembamba.

Mpwa wangu alikuwa amesimama mbele yangu, kichwa amekiinamisha begani.

"Mjomba, ile ya kukinga mikwaruzo si hukaa chini?"

Nikatazama. Kile kibati cheusi cha plastiki kinachokaa chini ya tundu ili kucha zisichune mbao kilikuwa juu, karibu na kidevu changu, kinanitazama. Na vile vialama vidogo vya kando ya shingo, vinavyomwonyesha mpigaji yuko freti ya ngapi, yaani kijichuma cha ngapi cha shingoni, vilikuwa vimeelekea sakafuni, anavisoma mtu aliyelala chali.

"Ndiyo mtindo wa kisasa," nikamwambia.

Dada yangu akatoka nje. Nilimsikia akicheka huko hadi akashika ukuta.

Usiku ule nikaingia chumbani, nikakomea mlango, ndipo nikaelewa: fundi akiuliza mkono, anauliza ule unaokwaruza, na mimi nimejiagizia gitaa la mashoto. Nikajipa moyo. Jimi Hendrix, yule mpiga gitaa maarufu wa Marekani, alikuwa mashoto na alichukua magitaa ya watu wa kulia, akayageuza, akabadilisha mpangilio wa nyuzi, dunia ikamsujudia. Mimi nitafanya kinyume chake. Nikatoa nyuzi zote sita, nikazirudisha kwa mpangilio wa kwetu. Ule mnene ukakataa kuingia kwenye mfereji wa mwembamba kule mwisho wa shingo, ukakaa juu kama mtu kwenye kiti cha mtoto. Mwembamba nao ukapotelea ndani ya mfereji wa mnene, kila nikiupiga unalia kama nzi ndani ya chupa. Na hata nilipolazimisha, kodi zilikuwa sawa mwanzoni mwa shingo lakini kadiri unavyopanda zinaharibika. Yule mfupa mdogo wa kwenye daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi usoni mwa gitaa, hauwekwi sambamba na freti, unalazwa mshazari ili nyuzi nene ziwe ndefu kidogo kuliko nyembamba. Wangu ulikuwa mshazari, vizuri kabisa, kwa ajili ya mtu mwingine. Hendrix alikuwa na gitaa la umeme lenye vijichuma vya daraja vya kusogeza kwa bisibisi. Mimi nilikuwa na mfupa uliogundishwa mahali pake na mzee asiyetania.

Mtu mwenye akili angepiga simu asubuhi. Mimi nikarudisha nyuzi zilivyokuwa na nikaamua kuwa mashoto.

Ndugu zangu, miezi miwili. Kila jioni. Mkono wangu wa kulia, ule niliosema kazi yake hata feni inaiweza, sasa ndio uliokuwa shingoni, na ulikuwa mjinga ajabu. Vidole vilisubiriana. Nikikiambia cha pete kishuke, kinashuka cha shahada. Na wa kushoto, wenye sugu na sifa zote, ukapewa kukwaruza tu na ukashindwa kwenda na mdundo. Mke wangu alivumilia wiki tatu, kisha akafungua mlango kidogo.

"Baba watoto, zamani ulikuwa unajua."

Ndipo nikalibeba na kasha lake nikarudi karakana.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho. Akaenda kwenye daftari, akalamba kidole, akafunua kurasa. Akanisomea: "Kushoto. Ndio wenye kazi." Kisha akatoa simu, akanionyesha ile picha yangu ya uso wa kisanii.

"Hiyo ni kioo, mzee. Kulia kumekuwa kushoto. Tazama fulana, maandishi yamegeuka."

Akaivuta picha karibu na miwani. "Niliyaona. Nikajua ni mambo yenu ya vijana."

Nikauliza kama haiwezekani kuhamisha daraja tu, basi. Akachukua kioo kidogo chenye mpini, akakiingiza kwenye tundu, akanionyesha na tochi yale mataruma niliyowaeleza wajomba. Upande wa nyuzi nene ameufanyia mambo yake, upande wa nyembamba mambo mengine. Kugeuza ni kubandua uso wote. Alivyosema neno "kubandua" nilihisi naumwa mimi.

Tukapatana hivi: gitaa libaki ukutani kwake likimsubiri mwenyewe halali, kwani mashoto ni kama mmoja katika watu kumi na magitaa yao ni ya kutafuta kwa taabu. Mimi nitatengenezewa jingine, nitalipia mbao. Niliona ni haki, nikamshukuru kwa mikono miwili, yote ikiwa imechoka.

"Lakini safari hii," akasema, "naona kwa macho yangu."

Magitaa yote mazima yalikuwa kwa wateja, na lile la kuukuu lilikuwa limetolewa shingo. Akatazama huku na huku, akachukua ufagio uliokuwa nyuma ya mlango, akanikabidhi.

"Shika kama gitaa. Usifikiri."

Karakana ilikuwa na wateja wawili wengine. Wakatulia, kwa adabu. Nikaupokea ule ufagio, nikauweka pajani, nikaushika barabara kama mtu anayejua anachokifanya, hata mguu nikaanza kuupigisha mdundo.

Mzee alinitazama kwa muda mrefu. Akaitazama mikono yangu, wa kulia umekaza shingo ya ufagio, wa kushoto unapanda na kushuka kwenye fagio lenyewe. Akaweka kalamu chini, akafunga daftari, akaniambia nirudi mwezi ujao.