Nimseme Fundi Mzuri

Mafundi wabaya mnawasema kila siku. Leo naomba nimseme fundi mzuri.

Bafu letu hapa Mwanga, Kigoma, lina vigae vyeupe vya zamani ukutani, vile vidogo vya sentimita 15 kwa 15. Mama Zuhura kavichoka. Kaona kwenye simu bafu la mtu lenye vigae vya kijivu, virefu, na tangu siku hiyo hata chai naletewa kwa kununiwa. Haya, tubandue. Fundi akaja, akagongagonga ukuta kwa kidole, akasema: "Mzee, hii kazi ya asubuhi tu. Mchana tunapiga lipu."

Asubuhi ya mwaka gani, hakusema.

Jamani, vigae vya siku hizi vinajibandua vyenyewe! Fundi anaweka madonge matano ya saruji mgongoni, manne pembeni na moja katikati, anabandika, anachukua hela yake. Kwingine kote hewa. Ukigonga panalia ko-ko, ukifunga mlango kwa hasira kimoja kinashuka. Na mimi nilitegemea hivyo. Kumbe nyumba hii nimeinunua kwa mzee aliyempata fundi mwaminifu! Mtu kaloweka vigae kwenye maji, kapaka saruji mgongo mzima mpaka kwenye kona, hakubakiza hata pa sisimizi kupita. Ukigonga panalia ti! Nani alimtuma? Alikuwa anamkomoa nani?

Basi tindo na nyundo. Unakwangua kwanza saruji nyeupe kwenye mistari, unaanzia pembeni, tindo unailaza isichimbe ukuta. Hayo ni maneno. Kwenye vitendo kigae kinatoka vipande vya ukubwa wa kucha, vikali kuliko wembe, vinarukia macho. Fundi ana miwani. Mimi msaidizi wake nina kope. Na kimoja kikikubali kutoka kizima, kinaondoka na lipu yake, mnabaki mnatazamana na tofali. Vumbi nalo halikukaa bafuni: limevuka uzio mpaka kwenye dagaa wa jirani waliokuwa wameanikwa, na kesi hiyo bado iko kwa mjumbe.

Washauri sasa! Mmoja kasimama dirishani akasema tupake mawese ya moto, vitalegea. Tindo hajawahi kuishika, ila mawese alitaka tununue kwake.

Halafu bomba. Maji ya mtaa wetu hutoka yakijisikia. Wiki nzima kavu. Siku fundi alipotoboa bomba lililofichwa ukutani, saa ileile, yakajisikia! Nakimbilia koki ya nje, imeshika kutu, haizunguki. Narudi ndani, kandambili zinaelea, fundi kaziba tundu kwa kofia yake, na Zuhura anashangilia kwamba baba kaleta bahari. Tambara tulilozibia tundu la maji machafu, ili vipande visiingie, ndilo lililofanya kazi yake vizuri kuliko sisi wote: hakikutoka kitu.

Tangu hapo naoga kwa kopo nyuma ya nyumba, gizani, taulo nimeling'ata. Ziwa Tanganyika liko pale chini, kina chake mita 1,470, duniani linazidiwa na Baikal peke yake, na mimi nabembeleza ndoo nusu. Liemba yenyewe Wajerumani waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua 1924. Meli nzima! Kigae cha nyuma ya sinki mpaka leo kimegoma.

Jana fundi, viganja vimevimba, kaniuliza kwa upole: "Mzee, hivi vya kijivu tuvipake saruji mgongo mzima?"

Nikageuka. Mama Zuhura yuko mlangoni na simu yake, keshafika kwenye bafu la mtu lenye vigae vya kijani.

"Madonge matano," nikamjibu fundi. "Ukiweza, manne."